Nyota haihesabu meza yenu: kuchagua restora ya kifaransa kwa usiku wa watu wawili

Nyota ya Michelin haikutengenezwa juu ya wapendanao. Ilitengenezwa juu ya mipira ya magari. Tukianzia hapo, mambo mengi yatakuwa wazi, na wengi wetu watachunga feza zao.

Ndugu na dada, wale tumemaliza na wale bado wako kwenye oditwari, kuko swali moja linarudi kila mara kati yetu, zaidi kwa wale walipata bursi ya kuendelea na masomo Ulaya: "Niko Paris na mchumba wangu. Nataka kumualika usiku mmoja tu kwenye restora kubwa ya kifaransa, fasi ya kimya, ya sisi wawili. Nichague gani?" Na majibu yanakuwaka ya aina moja. Mtu anatuma liste ya restora kumi "za kimapenzi", picha ya mishumaa, picha ya mnara wa Eiffel kwenye dirisha, kisha idadi ya nyota. Mwisho. Hakuna mwenye kuuliza zile nyota zinapima nini.

Mimi ni mtu wa agronomia, sio mpishi. Lakini kitu kimoja tulifundishwa vizuri: mbele ya kuamini kipimo, uliza kinapima kitu gani. Huwezi kujua kama udongo una asidi kwa kuupandisha kwenye mizani ya mahindi. Mizani haiko mbaya, inafanya kazi ingine. Basi leo nataka tuchunguze vipimo watu wanatumiaka kuchagua restora ya mapendo, na tuone kipi kinapima kitu tunatafuta.

Tuanze na nyota. Kitabu cha Michelin kilitokea mara ya kwanza mwaka 1900. Ndugu wawili, André na Édouard Michelin, wenye kiwanda cha mipira ya magari kule Clermont-Ferrand, walikuwa wanakigawa bule kwa wenye magari. Hesabu yao ilikuwa nyepesi: mtu akisafiri sana, mipira inaisha, anarudi kununua ingine. Nyota zilikuja nyuma: ya kwanza mwaka 1926, kisha ngazi ya moja, mbili na tatu mwaka 1931. Na maana yake mpaka leo ni lugha ya barabara. Nyota moja: inastahili usimame. Mbili: inastahili utoke kwenye njia yako. Tatu: inastahili ufunge safari juu yake peke.

Wakaguzi wanapima vitu vitano: ubora wa vyakula vyenyewe, ufundi wa kupika, utu wa mpishi unaoonekana ndani ya sahani, mapatano ya ladha, na kama restora inashika kiwango kilekile siku zote. Soma tena hiyo liste polepole. Hakuna kiti. Hakuna kelele. Hakuna umbali kati ya meza yenu na ya jirani. Hakuna namna serveri anasemesha mwanamke. Michelin wenyewe wanasema wazi kwamba nyota ni ya kile kiko ndani ya sahani. Uzuri wa nyumba, kwa miaka mingi waliuonyesha na alama ingine, uma na kijiko vilivyopishana. Kwa hiyo hawakudanganya mtu. Ni sisi tunakamata kipimo cha sahani, tunapimia nacho ukaribu wa watu wawili, kisha tunashangaa mbona usiku ulikuwa baridi na chakula kilikuwa kizuri.

Sasa, kama haiko nyota, ni nini? Kwangu mimi, jibu liko ndani ya historia ya restora yenyewe. Zamani Paris, mgeni mwenye njaa alikuwa anakula kwenye meza ndefu ya wote: saa moja, chakula kimoja, pamoja na watu hajui. Mwenye mkono mrefu njo alikuwa anashiba. Neno "restaurant" lilikuwa jina la supu, mchuzi mzito wa kumrudishia mtu nguvu. Katika miaka ya 1760 nyumba za kuuza ile supu zikaanza, na ndani yake kukaonekana mambo mapya ambayo leo tunayaona ya kawaida: meza ndogo ya kwako peke, saa unataka wewe, na karatasi yenye vyakula na bei zake. Mbele ya mapinduzi ya 1789, mtu kama Antoine Beauvilliers alikuwa tayari na restora ya kifahari pale Paris. Na Brillat-Savarin, katika kitabu chake cha mwaka 1825 juu ya ladha, anasifu paka mambo hayo: mtu anakula saa inamfaa, anachagua anachotaka, na anajua mbele atalipa ngapi.

Meza, saa, bei. Hizi tatu njo zawadi restora ya kifaransa ilileta duniani, na ukaribu wa watu wawili unasimama juu yake. Nyumba yenye kuwanyanganya moja kati ya hizi tatu haiwapi ukaribu, ata iwashe mishumaa mia. Ninataka tuzipite moja kwa moja.

Meza kwanza. Jina linatajwaka sana kwenye liste za mapendo ni Lapérouse, nyumba ya mwaka 1766 kando ya mto Seine, quai des Grands-Augustins. Kule kuko vyumba vidogo vya watu wachache, dari fupi, mlango unafungwa. Kwenye vioo vyake kuko alama za kukwaruza. Wanasimuliaka kwamba wanawake waliopewa almasi na matajiri walikuwa wanaijaribu kwenye kioo, kuona kama ni ya kweli. Ikuwe kweli ao hadithi ya mezani, sikilizeni inasema nini: mwanamke aliyekaa ndani ya kile chumba hakuamini neno la mwanaume, aliamini jiwe. Leo tunauziwa vile vyumba kama kilele cha mapendo. Lakini vilitumika juu ya watu wasiotaka kuonekana pamoja. Kujificha na kuwa karibu ni mambo mawili. Mtu mwenye kukupenda hana haja ya mlango wa kufunga. Ana haja ya meza ambayo jirani hasikii maneno yenu.

Mfano mwingine ni Le Grand Véfour, chini ya matao ya Palais-Royal. Nyumba ilianza mwaka 1784 ikiitwa Café de Chartres, na mwaka 1820 Jean Véfour akaichukua na kuipa jina lake. Kuta na dari zina michoro, kuko vioo, viti vya mahameli nyekundu, na kwenye viti kuko vibao vya majina: Napoléon, Victor Hugo, Colette, Jean Cocteau. Ni uzuri wa kweli, siupingi. Kama nyinyi wawili munapenda historia, mutakuwa na maneno ya usiku mzima. Lakini mujue munakwenda kukaa ndani ya makumbusho. Macho yenu yatakuwa kwenye kuta, simu zenu zitakuwa juu kwa picha, na usiku utakuwa wa nyumba zaidi kuliko wenu. Mtu akiniambia, "Nilimpeleka pale alipokaa Napoléon," ninauliza: na yeye mchumba, alikaa wapi?

Halafu kuko upande wa pili kabisa: Bouillon Chartier, iliyofunguliwa mwaka 1896. Sala kubwa, kelele, serveri anaweza kukukalisha na watu haujui, na hesabu anaiandika juu ya karatasi ya meza. Ile ni karibu kurudi kwenye meza ndefu ya zamani. Lakini bei iko wazi na mtu haoni haya kuagiza kidogo. Siipendekezi kwa usiku wa kuombana ndoa. Ninaitaja juu inatuonyesha kwamba nyumba ya bei ndogo inaweza kushika jambo moja la heshima ambalo nyumba ya bei kubwa inaweza kulipoteza.

Basi namna ya kupima meza ni hii. Mbele ya kuuliza nyota ngapi, piga simu uulize viti ngapi viko ndani ya sala. Nyumba ya viti ishirini na tano ao thelathini, yenye kuendeshwa mara nyingi na mume jikoni na bibi kwenye sala ao kinyume, inaweza kuwafaa kuliko jumba. Angalia picha, lakini usiangalie mishumaa: angalia chini na juu ya meza. Zulia, pazia na kitambaa cha meza vinameza sauti. Sakafu ya simenti, kuta za vigae na meza za mbao tupu vinairudisha. Kisha angalia nafasi kati ya meza. Kama serveri analazimika kusogeza meza ili mwenzako apite kwenda kukaa, jirani atasikia kila neno. Na omba meza ya pembeni siku ileile ya kushika nafasi, usingoje mpaka mufike.

Sasa saa. Katika karne ya 19 Wafaransa waliacha desturi ya kujaza meza na sahani nyingi kwa mara moja, wakakamata ile waliyoiita ya kirusi: sahani moja inakuja, inaliwa, inaondoka, ingine inakuja. Auguste Escoffier, aliyekufa mwaka 1935, alipanga jikoni sawa vile kikosi cha askari ili kila sahani itoke na moto wake. Ni maendeleo, chakula kinafika kikiwa sawa. Lakini tangu pale mwenye kushika saa alikuwa jikoni, haukuwa wewe tena. Na leo hiyo imefika mwisho wake na kitu wanaita menyu ya kuonja: sahani ndogo ndogo nane, kumi, zaidi, zote zimechaguliwa na mpishi.

Tufanye hesabu ya darasa la tano. Sahani nane. Kila moja inaletwa na maelezo, kisha inaondolewa: hiyo ni mara kumi na sita serveri anakuja. Ongeza mkate, ongeza divai, ongeza kupanguza makombo, munavuka ishirini. Kwa chakula cha saa tatu, yaani dakika 180, ni mara moja kila dakika tisa. Sasa wewe umetoka mbali kumuambia mtu neno moja gumu la maisha yako. Umefika katikati, sauti inatetemeka, mtu anasimama kando yenu: "Hapa muko na betirave iliyopikwa ndani ya chumvi..." Neno linarudi tumboni.

Sisemi menyu ya kuonja ni mbaya. Kwa watu wanaojuana kidogo, wenye kuogopa kimya, inasaidia: kila sahani inawapa kitu cha kusema. Inafaa pia kwa wawili waliozoeana miaka mingi, ambao wanataka kushangaa pamoja. Lakini kwa wale wako na neno la kusema, mimi nasema wachukue nyumba yenye kuruhusu sahani tatu tu: ya mwanzo, ya katikati, na ya utamu. Sahani tatu zinaacha nafasi ndefu katikati, na ile nafasi njo usiku wenyewe. Uliza tena kama meza ni yenu usiku wote, ao kama kuko zamu ya pili. Restora zingine zinakalisha watu saa moja ya jioni na zinataka waondoke saa tatu ili wengine waingie. Mapendo yenye kuangalia saa ya ukuta hayana raha.

Juu ya hiyo, tarehe 14 Februari ni siku mbaya kuliko zote. Nyumba nyingi siku ile zinaweka menyu moja ya lazima kwa watu wote, zinasogeza meza ili ziingie nyingi, na zinafanya zamu mbili. Meza imebanwa, saa imekatwa, uchaguzi umeondolewa. Ni kurudi miaka ya mbele ya 1760, na maua ya roza juu. Siku ya nne katikati ya mwezi wa tatu itawapa nyumba ileile na wapishi wenye nafasi ya kupumua.

Tufike kwenye bei, ambapo najua wengine hawatakubaliana nami. Katika restora za kifahari kulikuwa na desturi, na fasi zingine bado iko, ya kutoa menyu mbili: ya mwanaume yenye bei, ya mwanamke bila bei. Wanaiita ustaarabu. Mwaka 1980, kule Los Angeles Marekani, mwanamke mmoja alimualika mwanaume wa kazi yao kwenye restora ya kifaransa L'Orangerie. Yeye mwanamke njo alikuwa mwenye kulipa. Wakampa menyu bila bei, na mwanaume akapewa yenye bei. Wakaipeleka restora mbele ya sheria, na restora ikaacha desturi ile. Mpaka leo watu wanacheka ile habari, lakini mimi siioni ya kucheka. Restora iliamua, bila kuuliza, nani ni mwenye feza na nani ni mzigo.

Najua mutajibu nini. Mutaniambia: "Ata kwetu, ukimchinjia mgeni kuku, unamtajia bei ya kuku?" Ni kweli, na ni neno zito. Kwetu mgeni hasomewi hesabu. Lakini angalia tofauti. Nyumbani, mgeni anaiona kuku ikitembea kwenye kiwanja asubuhi. Anajua nyumba iko na kuku ngapi, na anajua heshima amepewa. Tena hakuna anayemuambia achague. Kwenye restora wanamuambia achague, halafu wanamfunga macho. Msichana mwenye akili, aliyelelewa vizuri, anafanya nini? Anaogopa kumuumiza aliyemualika, anachagua kuku ao saladi, kumbe alitamani samaki. Ao anachagua bila kujua, na mwanaume anaanza kutoka jasho upande wa pili wa meza akijifanya kucheka. Watu wawili wanadanganyana kwa adabu. Hiyo haiko mapendo, ni mtihani ambao hakuna aliyeuandika.

Basi uliza kwenye simu: "Menyu zenu zote mbili ziko na bei?" Kama zina bei, vizuri. Kama mwenzako hataki kuona bei juu ya desturi yake, anaweza kufunga macho mwenyewe. Wenyewe Wafaransa wana sheria nzuri hapa: tangu mwaka 1987 bei iliyoandikwa inapaswa kuwa na kodi na malipo ya serveri ndani yake, na menyu inapaswa kubandikwa inje mbele mtu hajaingia. Mkate na maji ya robine hayalipishwi kwa mwenye kula. Kwa hiyo mwanafunzi asione haya kuomba maji ya robine ndani ya nyumba ya kifahari. Ni haki yake, na matajiri wanayaomba kila siku.

Sasa niingie kidogo kwenye shamba langu, juu ata sahani inahesabika. Ukisoma menyu, usisome maneno matamu, soma majira. Ile kombe ya bahari wanaita coquille Saint-Jacques inavuliwa Ufaransa kuanzia tarehe 1 Oktoba mpaka 15 Mei tu. Ukiiona kwenye menyu mwezi wa saba, jua imetoka kwenye friji ao mbali. Trufle nyeusi ni kiyoga chenye kuishi pamoja na mizizi ya miti fulani, na inakuwaka tayari wakati wa baridi, toka Desemba mpaka Machi. Trufle ya mwezi wa nane ni aina ingine, harufu yake ndogo. Kuku ya Bresse inalindwa na sheria tangu 1957: inatembea kwenye majani, na kila moja inahitaji metri kumi za mraba za kiwanja, tena inalishwa nafaka na maziwa. Nyumba yenye kuandika toka wapi na wakati gani inawaheshimu. Nyumba yenye kuandika "utamu wa bahari na mawimbi yake" inaimba tu.

Hapa ninamsifu Alain Passard wa restora L'Arpège, rue de Varenne. Alikuwa na nyota tatu tangu 1996, akijulikana kwa kuchoma nyama. Mwaka 2001 akaondoa nyama nyekundu kwenye menyu, akaweka mboga katikati ya sahani, akaanza mashamba yake mwenyewe inje ya Paris. Watu walisema atapoteza nyota, na hakuzipoteza. Kwetu mtu akimpikia mchumba lenga-lenga siku ya kwanza, familia itasema alimdharau. Passard alionyesha kwamba karoti iliyolimwa vizuri inaweza kubeba heshima ya meza yote. Lakini nyumba yake pia ninaipima na vipimo vitatu vyetu, na bei njo inanikataza kuipendekeza kwa mwanafunzi. Katika nyumba za nyota tatu za Paris, menyu ya usiku inavukaka euro 300 kwa mtu mmoja bila divai. Watu wawili na divai kidogo, munafika 700. Mshahara wa chini kule Ufaransa ni karibu euro 1,400 mkononi kwa mwezi. Ni nusu ya mwezi wa mtu mwenye kusafisha ile sala.

Na kuko kitu kimoja kinaniuma kama mtu wa Kivu. Mwisho wa chakula wanaleta kahawa na chokola. Kakao inatoka upande wa Beni na Mambasa, kahawa ya arabika inatoka kwenye milima ya Kivu, zinakwenda Ulaya ndani ya magunia. Restora inajua kijiji kuku ilikozaliwa, lakini kwa kahawa inaandika "kahawa", basi. Ukifika pale, muulize serveri kwa upole: imetoka wapi? Akijua, nyumba ile inasoma menyu yake mpaka mwisho. Asipojua, imesoma nusu. Na mwenzako atasikia unauliza juu ya kazi ya watu wa kwenu, jambo ambalo linaweza kumuonyesha wewe ni nani kuliko chupa ya divai.

Sasa hukumu yangu. Kwa kijana mwenye bursi, mimi sichagui Lapérouse, wala Véfour, wala nyota tatu. Ninachagua nyumba ndogo ya mtaa, yenye sala moja, menyu fupi inayobadilika na majira, sahani tatu, bei kwenye karatasi zote mbili. Kitabu kilekile cha Michelin kiko na alama kwa nyumba kama hizo tangu 1997, wanaiita Bib Gourmand: chakula kizuri kwa bei yenye kiasi. Kama bado munatamani nyota, nendeni midi. Nyumba nyingi za nyota moja ziko na menyu ya midi yenye bei ndogo kuliko ya usiku, jikoni ileile, mikono ileile. Mwanga wa mchana hauui mapendo. Na muangalie wakati wa kushika nafasi: wengi wanaomba namba ya karte ya banki, na musipofika wanakata feza.

Wale wako Bukavu, Goma ao Lubumbashi wasiseme haya hayawahusu. Kwetu pia kuko restora zenye menyu ya kifaransa, vitambaa vyeupe na muziki mkubwa mpaka watu wanaandikiana ujumbe kwenye simu wakiwa meza moja. Vipimo ni vilevile. Meza: munaweza kusikilizana? Saa: mutafukuzwa wakati gani? Bei: wote wawili wanaiona? Ikiwa restora ya sambaza kando ya ziwa inajibu vizuri yote matatu, na jumba lenye vitambaa vyeupe linashindwa mawili, chagua sambaza bila haya. Niliona vijana wenye diplome, bado hawajapata kazi, wakikopa ili picha ya usiku mmoja ionekane. Deni linabaki miezi sita, na mchumba anaolewa nalo bila kujua. Ile ni menyu isiyo na bei, yenye kurefushwa mpaka ndani ya ndoa.

Kwa hiyo, mwenzako akikuuliza restora gani ya kifaransa inafaa kwa usiku wa watu wawili, usimtumie liste mara moja. Muulize kwanza: munataka kuambiana nini, inahitaji saa ngapi, na yeye mchumba anajua uko na feza ngapi? Akijibu hayo matatu, jina la restora litakuja lenyewe.